Motokari ya Viti Viwili

Jumatatu, 6/5
Nimefagia garaje. Kuku ametaga tena ndani ya motokari, mavi yake juu ya kiti. Nimemufukuza na ufagio. Hana haya. Bati inavuja, nilimwambia binti yangu Riziki aite fundi. Anakaa tu na telefone. Kumbe alituma picha ya motokari, na mutu wa Bukavu amejibu. Anatafutia matajiri ba Ulaya magari ya zamani. Anasema hii haipatikani tena. Hii! Muzungu wa kampuni ya pamba, siku alihama, aliiachia marehemu bwana yangu, dereva wake, sababu haikuingia kwa boti.

Jumatano, 8/5
Mutu wa Bukavu amefika. Suruali nyeupe kwa matope ya hapa Baraka! Alishika taa za motokari kama anashika mutoto. Akauliza: "Mama, mujane wa mwenye motokari ni nani?" Nikasema ni mimi. Tukapatana bei, atarudi na lori Jumanne.
Si uongo. Lakini bajane tuko babili. Muke mwenzangu Zaina iko Lubondja, kule mulimani, analima muhogo. Riziki aliniangalia. Nikamutuma maji, na mitungi ilikuwa imejaa.

Ijumaa, 10/5
Niseme hapa, hakuna mwenye atasoma.
Viti viwili, na siye tulikuwa batatu. Siku bwana alimuoa Zaina, alimushusha kutoka Lubondja ndani ya ile motokari. Haina kifuniko juu. Shela inaruka, batoto banakimbia nyuma. Mi kwa mulango, na maji ya kumukaribisha. Kisha bwana akaniambia, panda na wewe. Nilikataa. Mpaka leo sijakaa ndani. Kiburi.
Na Zaina, kila akishuka sokoni, anapita hapa kwanza. Anapangusa kiti yenye alikalia siku ile, kando ya dereva, na kitenge yake, anaenda zake. Inaniuma. Ndiyo sababu nilisema "ni mimi". Si njaa. Ni wivu. Bibi muzima kama mi!

Jumapili, 12/5
Zaina alishuka na sombe, majani ya muhogo wake. Akaanza kupangusa. Nikamwambia yote, kwa ukali, kama yeye ndiye alikosa. Kwamba nimeuza. Kwamba nilisema mujane ni mimi peke yangu.
Akaendelea kupangusa. Kisha, ananiita yaya, dada mukubwa, kama siku zote: "Yaya, na huyu kuku? Yeye pia mujane? Maana amekalia hii kiti kunipita mi."
Nilicheka, nikalia. Mupumbavu huyu.
Akasema iuzwe, tugawe, bati ya kwake pia inavuja. Nikamuuliza, sasa utapangusa nini? Akaniangalia sana. "Si kiti yangu. Bwana aliniambia siku ile ile: hii ni ya muke mukubwa, we unakalia tu mpaka hasira yake iishe."
Alikuwa ananipangusia mi.
Miaka yote nilimuchukia.

Jumanne, 14/5
Lori imefika mapema. Mutu wa Bukavu akaita mujane. Nikamwambia tuko babili, na angojee inje, chai iko.
Nilimuambia Zaina, amelala hapa tangu Jumapili, apande. Akakataa ile kiti, akazunguka, akashika usukani. Hajui kuendesha. Akaniambia, "Yaya, panda, tunachelewa sokoni."
Nilipanda. Bati inavuja bado, tone moja moja kwa kitambaa yangu ya kichwa.
Kiti iko laini.