Nafasi Niliyomwachia Ongeri

Awendo,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako Kemuma. Mimi ni mzima wa mwili. Mguu wako je, umepungua kuvimba? Natumaini biashara ya nguo hapo Isebania inasonga, na kwamba maumivu hayakukoseshi kanisa siku ya Sabato.

Uliniuliza kama ile kozi ya kompyuta imeniingia kichwani. Mama, chuoni tulikaririshwa maana ya kompyuta mpaka tukaijua kama sala, huku kompyuta zenyewe zimefunikwa vitambaa kama makochi ya wageni. Nikajaribu video za simu, lakini yule mwalimu aliongea kama anayefukuzwa. Aliyenifaa ni James wa saiba, pale ninapokodi kompyuta. Alinicheka, kisha akaniambia niachane na mifano ya wateja nisiowajua, nitengeneze hifadhidata ya watu wangu mwenyewe, kwani nikikosea nitajua papo hapo.

Basi nikatuandika sisi. Jedwali moja la nyumba, jingine la watu, nikayaunganisha. Mara ya kwanza wewe ulitokea kama mtoto wa Baba mdogo Angwenyi, nikacheka hadi watu wakageuka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kweli, na kituo kimoja cha afya kimeniahidi kazi ya kutunza rekodi.

Kulikuwa na nafasi ya tarehe ya kufariki. Kwa Baba niliijaza. Kwa kaka Ongeri nikakwama. Tangu boti yao ya uvuvi izame ziwani kule Kisegi mwezi uliopita, wewe bado unampakulia chakula, na mtu akisema amekufa unamkatia simu. James akanishauri kwamba nisilolijua nisilijaze kwa kubahatisha, niache wazi, maana kuacha wazi si kusema yupo wala hayupo. Nikaacha. Kila nilipofungua kompyuta niliangalia hapo kwanza, na nilifurahi kukuta patupu.

Mama, Alhamisi wavuvi walitupigia simu. Mimi na Baba mdogo tulienda hadi chumba cha maiti, Homa Bay. Uso haukutambulika. Lakini mkanda ulikuwa ule uliomshonea kwa uzi wa bluu ulipokatika, na mshono wako naujua. Ni Ongeri, Mama. Ongeri wetu amekufa. Moyo wangu umevunjika, na sikuthubutu kukupigia, kwani ungekata simu ukabaki peke yako na neno hilo.

Ndiyo maana Baba mdogo amekuletea barua hii kwa mkono wake. Nimemwomba asiondoke hapo. Usimfukuze, Mama, hata yeye amelia sana. Kesho, nikimaliza karatasi za chumba cha maiti, nitafika tupange kumleta nyumbani tumzike kando ya Baba.

Ile nafasi bado sijaijaza. Siku utakayoacha kumpakulia, nami nitaandika.

Nisalimie majirani wote wanaokushika mkono leo. Mungu akutie nguvu mpaka nifike.

Ni mimi mwanao,
Kemuma