Mstari Uliokataa Kutokea

Jumatatu, 4 Novemba 2013

Nimewahi leo. Kompyuta ya dirishani, hapa kituoni kwa Rehema, Korogwe. Somo la tisa, hatua ya pili: kupamba kurasa za intaneti. Mwalimu ni wa kwenye video, yuko nchi gani sijui, anaongea Kiingereza kama anakimbizwa. Namsimamisha, namrudisha, nasikiliza tena. Naandika kwenye daftari nilivyosikia, halafu nachapa kutoka kwenye daftari. Mimi ni wa darasa la saba. Njia yangu ndiyo hiyo.

Leo padding na margin. Wenzangu wamelia nazo. Mimi ufundi cherehani umenisaidia. Padding ni nafasi kati ya mwili na gauni. Margin ni nafasi kati yako na mtu mliyekaa naye benchi moja. Rehema alicheka mpaka akaita watu. "Mama Zawadi, hebu rudia hapo!" Nikarudia. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo.

Saa nne nikarudi kibarazani kushona.

Jumatano, 6 Novemba

Umeme hakuna tangu alfajiri. Hakuna somo. Nimeshona sare tatu, moja nimeifumua, mkono niliushonea kwingine.

Naandika hapa nisije nikajidanganya. Zawadi alikuwa na miaka saba alipoangukia pasi ya mkaa, pale pale kibarazani kwangu. Mkono wa kushoto. Nilikuwa nimempa mgongo, nampima mteja kiuno. Mama yangu akaja kutoka Kwedizinga, akambeba mgongoni na ukubwa wake wote ule. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Siku ukipata kazi isiyo na moto, njoo umchukue." Bora angenigombeza.

Miaka miwili sasa.

Kazi isiyo na moto ni hii. Rehema anataka mtu wa kumtengenezea wateja kurasa, asubuhi mpaka jioni. Mtoto akitoka shule anakaa pale pale kituoni, kwenye benchi. Nikimaliza hatua ya pili kabla ya tarehe 22, kazi ni yangu. Nisipomaliza kuna dada wa Tanga anaisubiri. Rehema hakunificha. Ni mtu mzuri, lakini biashara ni biashara.

Ijumaa, 8 Novemba

Float, ile ya kupanga visanduku ubavu kwa ubavu. Naichukia float. Visanduku vitatu nataka vikae mstari mmoja, cha tatu kinateremka chini kivyake. Nikipunguza hiki, kile kinavimba. Asubuhi nzima.

Sijala. Sikukumbuka kula.

Jumanne, 12 Novemba

Visanduku vimekaa! Vilikuwa vipana kuliko ukurasa wenyewe. Kitambaa cha mita mbili unataka kukata gauni la mita tatu, mjinga mimi.

Sikumwambia mtu. Nilitoka nje nikanunua chungwa, nikala nimesimama.

Alhamisi, 14 Novemba

Mtihani wa mwisho. Tengeneza ukurasa, weka picha tatu, kila picha kwenye kisanduku chake, na kila kisanduku kizungushiwe mstari. Nimechagua vikapu vya mkonge, vya akina mama wa Mazinde. Picha kapiga Rehema. Kozi inajikagulia yenyewe, na kutuma ni mara tatu tu. Ya tatu ikikataliwa, unaanza hatua nzima upya.

Nimetuma. Imekataliwa. Inasema hakuna mstari.

Mstari nimeuandika! Nauona kwenye maandishi, kwenye ukurasa siuoni. Nimeandika unene, nimeandika rangi. Hautokei.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimebadilisha rangi. Nyekundu. Nimeongeza unene mpaka ukawa kama ukuta. Hautokei.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimemwomba Rehema aangalie. Alikuwa na wateja wanne wa kutoa nakala, akachungulia juu ya bega langu. "Mbona maneno yote ya kwenye somo haya, mama. Yako sawa." Basi nikajua kosa ni la kompyuta. Nikahamia nyingine, nikatuma.

Imekataliwa. Mara ya pili hiyo.

Nimegombana na mteja kwa ajili ya kifungo. Kifungo! Nimemwomba radhi, lakini ameondoka na kitambaa chake. Namwona Zawadi amevaa sare ya Kwedizinga Januari, na Januari nyingine.

Jumanne, 19 Novemba

Sikwenda kituoni. Naogopa ile kompyuta kama mbwa.

Jioni nimepiga simu nyumbani. Nilimwamkia mama, akampa Zawadi. Nikamuuliza kama barabara ya shuleni imeharibika na mvua. Akaangua kicheko.

"Mama, umesema balabala!"

"Nimesema vizuri."

"Hujasema. Sema rrr. Rrrr, kama pikipiki. Bibi naye hawezi, anasema ledio. Nyie wawili mnafanana!"

Mama yangu nikamsikia kwa nyuma, "Koma wewe mtoto." Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, ili nisiharibu.

Imeniuma. Ulimi wa kwetu haukuzaliwa na r. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alinisimamisha mbele ya wenzangu niseme redio mpaka kengele ikalia. Na sasa mwanangu. Lakini kilichoniuma si kucheka. Kuna mtu amemfundisha r, na si mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeamka na neno mdomoni. Boda. Bolda. Boda. Kwangu yanatoka sawasawa.

Nikafungua daftari kabla ya kunawa uso. Somo la nne: bolder, ya kunenepesha herufi. Somo la kumi, mstari wa kuzungushia: bolder. Mwandiko wangu mwenyewe. Ndiyo maana Rehema hakushtuka, neno lipo kweli kwenye masomo, ila lina kazi nyingine. Mimi nilikuwa naiambia kompyuta inenepeshe, inenepeshe, yenyewe haijui inenepeshe nini.

Nimekwenda kituoni na kandambili. Nimetafuta video ya somo la kumi, nikasimamisha pale maandishi yanapoonekana, nikanakili herufi moja moja kwa kidole. Border, kumbe ni r, si l. Nikasema rrr kama pikipiki. Watu waligeuka.

Mstari ukatokea. Mwekundu, mnene, unatisha. Nikaupunguza, nikaupa rangi ya mkonge uliokauka. Nikakaa muda mrefu nikiuangalia, naogopa kutuma.

Nimetuma.

Imepita.

Rehema kanikumbatia mbele ya wateja. Nimelia kama msibani, aibu tupu.

Jumatatu, 6 Januari 2014

Jana nilimpokea Zawadi pale Segera. Mama alikuja naye mpaka pale, akamkabidhi na mfuko wa mahindi, akapanda gari la kurudi bila kugeuka. Najua kwa nini hakugeuka.

Leo Zawadi yuko hapa kituoni. Nilimwonyesha ukurasa wa vikapu. Akasema "mzuri," kwa adabu, kama anavyoambiwa mgeni.

Akakaa mwisho wa benchi. Mimi mwisho mwingine, nafanya kazi. Kati yetu panatosha watu wawili. Sikumvuta. Kovu la mkono analificha chini ya paja.

Saa nane alikuja kuuliza herufi fulani kwenye kibodi iko wapi. Nikamwonyesha. Aliporudi kukaa, hakurudi mwisho kabisa.

Sasa hivi panatosha mtu mmoja. Mwembamba.