Bastola Kwenye Trei ya Bili

Anti Dorotea, shikamoo. Nakuandikia nikiwa stoo, nimekaa juu ya kreti, mlango nimeurudishia ili kaka asinione, na nakuomba sana jina langu usilitaje maana huku Igoma tunajuana. Kila wiki nasoma majibu yako na najua hunaga huruma na mtu mwongo, sasa leo mwongo ni mimi.

Mimi ni dada wa kaunta. Baa ni ya kaka yangu Nestory, ndiye aliyenichukua ndoa yangu ilipovunjika, nalala kwake na wanangu wawili, nakula kwake, kwa hiyo neno lake kwangu si la kubishia. Mwaka juzi polisi walipita wakatuonya, tukabandika karatasi mlangoni kwamba silaha haziruhusiwi humu, lakini Anti wateja wetu wengine ni watu wazito, wa dhahabu, wa ng'ombe, wana bastola zao za vibali, sasa mtu kama huyo utamwambiaje arudi nyumbani akaiweke ndipo aje anywe, si ataenda kwa jirani, basi kaka akasema mteja akija na silaha aikabidhi kaunta tumwekee kama tunavyowawekea watu simu za kuchaji na funguo za magari, na mimi nikawa naifunga kwenye kitaulo naiweka droo ya chini pamoja na vizibo, na niseme ukweli niliona tumefanya jambo la maana, ukumbini hakuna mwenye silaha, sheria tumeifuata, na tena nilikuwa najisikia mtu, wakubwa wananiamini na vitu vyao.

Tatizo ni kwamba mtu kama Mzee Luhaga, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye akipita kila mtu anamwamkia, hawezi kusimama kaunta kuomba chake mbele ya watu. Akitaka kuondoka ananionyesha kidole tu, mimi naiweka juu ya trei ikiwa kwenye kitaulo chake, pembeni naweka bili, mhudumu anampelekea mezani. Tumefanya hivyo zaidi ya mwaka na hakuna aliyewahi kusema neno.

Jumapili hiyo ilikuwa saa tisa mchana, watu wametoka kanisani, nyama ziko jikoni, Mzee Luhaga amekaa na wenzake wawili na alishakunywa vya kutosha, mimi ndiye nilikuwa naandika, ilikuwa ni bia ya saba. Akaninyooshea kidole. Nikamwita Queen, ni mhudumu wetu, binti wa Ukerewe, hana hata mwaka kwetu, nikampa trei. Akaniambia, "Dada, hiki kitu mimi nakiogopa, leo mpelekee wewe, yule baba amelewa." Nikamwambia acha maringo, peleka, huoni nina foleni hapa. Anti, foleni yenyewe ilikuwa ya watu wawili.

Akapeleka. Mwenzake mmoja akamtania mzee kwamba hiyo bastola yake ni ya kutishia kuku, mzee akacheka, akachomoa magazini ya risasi akaiweka mezani, akamwambia Queen, "Bebe, si unaona haina kitu?" akavuta triga, kumbe risasi moja ilikuwa bado imo ndani, na Queen alikuwa ameinama anatoa chupa. Ikampiga goti. Siku ya nne madaktari wakamkata mguu.

Polisi walipokuja kaka alishaniwahi humu humu stoo, akaniambia sema ulikuwa jikoni hukuona kitu, nikasema hivyo, na kituoni nikaandikisha hivyo hivyo. Sasa wiki hii ndugu wa mzee wamekuja, wamekaa sebuleni na kaka, wanasema matibabu yote watayabeba wao ila habari inyooke, kwamba Queen aliichomoa mwenyewe kwenye mkoba wa mzee akawa anaichezea, na mimi nirudi kituoni nikaseme nimekumbuka, nilimwona kwa macho yangu. Kaka anasema tukisema ukweli wa kwanza kwenda gerezani Butimba ni mimi, maana aliyekuwa anaipokea na kuifunga siku zote ni mimi, halafu ananiuliza wanangu watabaki na nani.

Juzi mama yake Queen amenipigia, yuko naye wodini, hakunigombeza, akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, wananiambia mtoto alichezea bunduki ya mtu. Wewe ulikuwepo. Ni kweli?" Nikamwambia mama mtandao unasumbua, nikakata simu, nikazima kabisa, sasa naiwasha usiku tu. Tangu siku hiyo nikisikia kreti inadondoka naacha kaunta nakimbilia stoo, kaka ananiambia nitazoea. Anti nifanyeje ili Queen asiumie, na mimi nisifungwe, na kaka asinifukuze?

Dada wa Kaunta, Igoma

*

Dada wa Kaunta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Unauliza ufanyeje ili Queen asiumie. Mwenzio ameshakatwa mguu, bibi wewe, asiumie vipi tena?

Tuanze na hiyo karatasi yenu. Inasema silaha haziruhusiwi humu. Hiyo droo ya vizibo iko wapi, barabarani? Kabla ya kukujibu nilimuuliza mwanasheria ninayemwamini, akashika kichwa. Kasema kibali ni cha mtu mmoja mwenye jina lake, si cha kumshikia, na silaha haina kazi mahali watu wanapokunywa, na mtu akishalewa ndiyo asiiguse kabisa. Nyie mlikuwa mnaichukua kwa Mzee Luhaga akiwa na akili zake zote, mnamnywesha, halafu mnamrudishia akiwa hana. Soma tena hapo, polepole. Halafu unaniambia mlifuata sheria! Mlichokuwa mnafuata ni kwamba asiende kwa jirani.

Kwamba ulikuwa unajisikia mtu, hilo nakuelewa, na nakushukuru kwa kulisema. Mwanamke aliyeachika, anayekula kwa kaka yake, akipewa kitu kizito cha mkubwa amtunzie, anainuka kidogo moyoni. Lakini wale wakubwa hawakuwa wanakuamini. Walikuwa wanakutumia kama kabati, na sasa wamegundua kabati lina mdomo, ndiyo maana wamekuja sebuleni.

Kaka yako alikupokea ulipokuwa huna pa kwenda, sikatai. Lakini angalia alivyogawa. Mzee anabaki na heshima zake, yeye na baa yake, Queen apewe kesi juu ya ulemavu, na wewe ukaapie uongo. Anakutisha na Butimba kana kwamba uongo utakuepusha na Butimba. Wahudumu wote hapo wameiona hiyo trei kwa zaidi ya mwaka. Yule mtaniaji yupo, na yule mwenzake. Siku mmoja wao atakapokosana na kaka yako atasema kila kitu, na siku hiyo hutakuwa mtu aliyekosea, utakuwa mtu aliyekwenda kituoni mara mbili kumdanganya askari ili kumfunga kilema.

Sitakupaka mafuta kwamba ukisema kweli hutaguswa. Huenda ukashtakiwa. Huenda Nestory akakutolea mabegi nje siku hiyo hiyo. Kwa hiyo watoto watangulize kwa ndugu mwingine, mama yako, dada yako, yeyote, wiki hii, kabla hujafungua mdomo. Kisha tafuta msaidizi wa kisheria, ulizia ofisi ya kata au ustawi wa jamii, wapo wanaosaidia bila malipo. Mweleze yote, usimfiche hata hiyo foleni yako ya watu wawili. Nenda naye kituoni, si na kaka yako, ukayafute maneno ya jikoni. Useme ulivyoipokea bastola, ulivyoifunga, na nani uliyemtuma. Maelezo yaandikwe, usomewe, ndipo usaini, na kama kuna mstari ambao hukusema, kataa mpaka ufutwe. Ndugu za mzee wakija tena, usikae nao, hata soda yao usipokee.

Lakini hilo si la kwanza. La kwanza washa simu. Kurasa zote hizi hukuniambia kama umekwenda kumwona Queen, na mimi najua hujaenda. Mpigie mama yake. Usianze na habari za watoto wako wala za kaka, usilie kabla yake. Mwambie hivi: "Mama, si kweli. Aliniambia anaogopa, mimi ndiye niliyemtuma." Atakachokujibu kipokee, hata kama ni laana. Maana wanaojua kwamba yule binti alikataa ni wawili tu, yeye na wewe, na yeye hakuna anayemuuliza.

Jina lako sijaliandika kama ulivyoomba, na majina mengine yote nimeyabadilisha. Trei na kitaulo nimeviacha, maana bila hivyo barua yako si kitu. Jibu hili nimekutumia kwenye namba yako siku tano kabla halijachapwa. Leo kaka yako atalisoma gazeti hapo hapo kaunta, na hatahitaji jina. Natumaini wakati analisoma, wewe ulishatoka kituoni.

Anti Dorotea