Amplifaya Isiyo na Koili

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Mke wangu anakusalimu, ila analalamika kwamba siku hizi anaishi na mtu asiyesikia anachoambiwa.

Ni kazi, Shangazi. Amplifaya tunayoichora ndani ya chipu inatakiwa ikuze mawimbi ya polepole na ya kasi sawasawa, lakini ya kasi yanafifia njiani. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Koili, anataka tuongeze koili, ule waya uliozungushwa wa kuyapa nguvu mawimbi ya kasi, kama kawaida. Koili moja inakula nafasi kubwa kuliko transista zote pamoja, na nafasi tuliyopewa haifiki punje ya mchele. Nikambishia mbele ya watu kwamba inawezekana bila koili. Akanijibu, "Basi chora wewe, na jina litakaloandikwa ni lako."

Mchoro unakwenda kiwandani baada ya siku kumi. Ukishindwa, kikundi chetu cha watu wanane kinavunjwa. Nimekuwekea nakala humu. Wewe umehangaika na mitambo ya redio miaka thelathini. Niambie kama nimejitia kitanzi.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti sasa kazi yake ni kutabiri mvua tu.

Mchoro nimeutazama. Rezista iliyo chini ya transista inaibana. Kapasita ndogo uliyoiweka kando yake inayafungulia njia mawimbi ya kasi peke yake. Hapo umepatia. Ulipopasahau ni mlangoni mwa mawimbi. Kapasita hiyo hiyo inaweza kuifanya amplifaya ianze kupiga mluzi yenyewe, bila kuambiwa na mtu. Tia rezista ndogo sana pale mawimbi yanapoingilia. Utapoteza kidogo, ila utalala usingizi.

Na Bwana Koili umemkosea. Kuwa na jibu si ruhusa ya kumvua mtu nguo hadharani.

Shangazi yako

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, lakini kimya chako kinanisumbua. Miezi mitatu, hata mstari mmoja. Nimeanza kudhani nilikushauri vibaya na unaona haya kuniambia. Kama imeharibika, imeharibika. Mimi niliunguza mtambo mzima wiki yangu ya kwanza kazini, na bado nilirudi kesho yake. Niandikie.

Shangazi yako

2 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ya Machi ilinifika imebaki siku moja. Nikaongeza ile rezista, tukapeleka mchoro. Baada ya hapo kila nilipoanza kukuandikia nilichana karatasi, maana sikuwa na la kusema ila hofu.

Chipu zimefika Alhamisi. Mwenzangu mmoja wa kikundi akaunga waya. Tukapandisha kasi ya mawimbi kidogo kidogo. Mstari kwenye skrini ukanyooka, ukafika pale ulipokuwa ukiporomoka katika michoro ya awali, ukapita, ukaendelea. Mluzi hakuna.

"Uko wapi?" mwenzangu akauliza, macho kwenye skrini. Nilikuwa nimeshakaa sakafuni.

Nilimwendea Bwana Koili kumwomba radhi. Akasema, "Hayo yamepita. Vuta kiti unieleze, maana mchoro wako nimeutazama wiki mbili na sijauelewa." Nikamweleza mpaka chai yetu ikapoa. Kikundi kinabaki, wote wanane.

Jumamosi nililala hadi adhuhuri. Mke wangu anasema alikuja mara mbili kuangalia kama napumua.

Mwanao