Alizitoa Dawa Zake Sadaka, Nikazimeza Mimi

Mpendwa Mama Kusum wa safu ya Alhamisi, nisaidie, maana nikikaa na jambo hili siku moja zaidi nitapasuka, na wa kumwambia hapa Kolhapur sina, kwa kuwa kila ninayemfahamu ni mwanafunzi wangu au ni mke wa mwanafunzi wangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha yoga na kutafakari katika bustani iliyo kando ya ziwa, kila asubuhi saa kumi na mbili, bila malipo, watu arobaini na zaidi, wengi wao wastaafu, wanakuja na magoti yao na migongo yao na presha zao, nao wananiheshimu kiasi kwamba hata muuza nyanya sokoni anaogopa kunipunja. Kinachowafanya waniheshimu ni habari moja wanayoisimulia kwa kila mgeni, kwamba nilikuwa mgonjwa wa presha, nikaponywa na pumzi, nikaacha vidonge. Mama Kusum, habari hiyo ni ya uongo.

Haikuanza ikiwa uongo. Nilipoanza kukaa na pumzi zangu kila alfajiri usingizi ulirudi, hasira zilipungua, na presha ilishuka kweli mpaka daktari akanitoa kwenye vidonge viwili akaniacha na kimoja, nikawaambia wenzangu kwa furaha, na katibu wa kikundi akaandika ubaoni "Mwalimu wetu ameacha dawa", nami nikauona ule ubao kwa macho yangu, nikajisemea nitamrekebisha kesho, na kesho yake wakaja watu kumi wapya kwa sababu ya ule ubao. Hapo nikanyamaza. Mwaka wa pili nikaanza kuisimulia mwenyewe, na kila mwaka ikawa inanenepa.

Kile kidonge kimoja nakimeza mpaka leo. Nakificha katika kabati la kusalia nyuma ya sanamu ya mungu Ganapati, na nakinunulia mji wa Miraj, naenda kwa treni nikiaga kwamba namwona dada yangu, maana duka la dawa la mtaani kwetu ni la mtoto wa mwanafunzi wangu. Anayejua ni mume wangu Shripad peke yake, naye hunitania kila asubuhi, "Guru, Ganapati anakuita, dozi imefika," nami namwambia, "Punguza sauti wewe, kuta za hapa zina masikio," tunacheka. Tulikuwa tunacheka.

Sasa sikiliza kilichonipata mwezi huu, siku ya mwezi mpevu wa kuwashukuru walimu. Wanafunzi walikuja mmoja mmoja na nazi, maua, shali, kama kila mwaka, na wa mwisho akawa Mzee Digambar Mohite, dereva wa basi mstaafu, ambaye alipojiunga nasi miaka miwili iliyopita hakuweza hata kuketi chini, na leo anakunja miguu kama mtoto. Hakuwa na nazi. Alikuwa na boksi la bati la biskuti, akaliweka miguuni pangu na kulifunua, na ndani yake zilijaa dawa zake za presha, za miezi mitatu, hazijaguswa. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwalimu, mtu humtolea mwalimu wake kile anachokitegemea kuliko vyote. Mimi nategemea vidonge hivi. Kuanzia leo sivigusi tena, nafuata nyayo zako." Watu wakapiga makofi, wengine wakalia, naye akainama kunigusa miguu, nami nikijua kabisa neno lililonipasa kusema. Nikaweka mkono kichwani pake. Nikambariki, Mama Kusum.

Baada ya hapo mvua zikamwagika, mto ukafurika, treni ya Miraj ikasimama, na vidonge vyangu vikaisha. Siku ya tatu bila dawa macho yalianza kuona nyota, nikafungua lile boksi, na nilichokiona kilinitisha: jina lilelile, nguvu ileile, kana kwamba ameandikiwa mtu mmoja. Nikasema nichukue kimoja tu, treni ikirudi nitakirejesha. Nimeshameza vitano.

Naye siku ya nane, mvua imetulia kidogo, tumesimama kwa mguu mmoja mkao wa mti, akaanza kuyumba, akashika bega la jirani yake, akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, kichwa kinanivuma kama mashine ya kukamulia miwa. Ni sumu inatoka, sivyo?" Mmoja nyuma akamchokoza, "Mzee, hiyo ni injini ya basi lako, haijapoa tangu ustaafu!" Wakacheka, kisha wakanigeukia mimi wakisubiri jibu. Nikasema, "Ndiyo, inatoka. Vumilia." Ni mdomo wangu huu uliosema, na mpaka sasa nashindwa kuamini.

Juzi ndipo alipokuja mkewe, Indumati, amelowa chapachapa, na chapati tamu za dengu kwenye sahani iliyofunikwa, akakataa hata kuketi.

"Dada Mwalimu, samahani, yeye hajui kama nimekuja. Asubuhi pua yake imemwaga damu, beseni zima limekuwa jekundu."

Nikamwambia pole, nitamwombea.

"Omba, dada, omba. Lakini lile boksi bado unalo? Nipe japo vidonge viwili vitatu, nimsagie nimchanganyie kwenye dengu. Cheti cha daktari amekichana, na duka la dawa hawanipi bila cheti. Kwako wewe ana nadhiri, kwangu mimi ana njaa tu, atakula."

Boksi lilikuwa hatua nne kutoka pale aliposimama, ndani ya kabati la kusalia. Nikamwambia, "Nimelitupa mtoni, dada." Akaitazama sakafu, akanishukuru, akaondoka, na zile chapati mpaka leo sijazigusa.

Nakuomba unipe njia ya kumfanya mzee huyu ameze dawa bila mimi kujulikana. Labda uandike makala ya jumla kuhusu presha, anakusoma. Nikikiri, darasa litakufa, na wapo ambao darasa hili limewaokoa kweli, yuko mjane ambaye alikuwa hatoki nje na sasa ndiye anayetuimbisha. Majina ya watu yabadilishe, na ninakusihi kwa miguu yako, usitaje Kolhapur, wala ziwa, wala boksi.

Ni mimi, niliyepigwa butwaa na nafsi yangu.

MAMA KUSUM ANAJIBU

Nilianza kusoma barua yako nimesimama jikoni, nikaimaliza nimeketi sakafuni. Miaka ishirini na tatu nimesoma ya wakwe, ya wapenzi wa siri, ya waliowaoza binti zao kwa hila, nikidhani hakuna tena la kunishangaza. Nilipofika pale mke wa mtu anakuomba dawa ya mumewe nawe unamwambia imo mtoni, ilhali imo tumboni mwako, nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimeanguka.

Na baada ya hayo yote ukanunua stempu! Mwenye nyumba inayoungua hawaandikii barua wazima moto. Barua yako imekaa njiani siku nne kwa ajili ya mafuriko, imenifikia Jumatatu, haina namba ya simu wala anwani. Nilimtuma mwandishi wetu wa huko akutafute bustanini siku mbili mfululizo, akakuta mvua na mbwa. Mzee yule sasa ana zaidi ya wiki mbili bila dawa, na mimi nakujibu kwenye karatasi kwa sababu hukuniachia njia nyingine.

Kwa hiyo elewa nilichokifanya. Majina ya watu nimeyabadilisha, hata la mumeo. Kolhapur nimeiacha, ziwa nimeliacha, boksi nimeliacha na biskuti zake. Watu arobaini waliliona boksi lile, na asubuhi hii wanasoma unachokisoma wewe. Ukinilaani, nilaani. Niliweka sifa yako upande mmoja na kichwa cha mzee yule upande wa pili, na sikuhitaji muda mrefu.

Mwovu sikuiti. Ninajua jinsi sifa inavyomlewesha mtu aliyekaa miaka mingi bila kusifiwa, na ninajua kwamba kwa miaka kumi na moja umeamka kabla ya jua kwa ajili ya watu bila kudai chochote. Mimi pia hukaa na pumzi zangu kila alfajiri tangu nifiwe na mume, na bila hiyo nusu ya wasomaji wangu ningekuwa nimeshawatukana. Pumzi ilikuondolea kidonge kimoja kati ya viwili. Hiyo ni zawadi kubwa, ungeisema hivyo ilivyo na watu wangekuja vilevile! Lakini wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba katika yoga kutodhuru ndilo la kwanza na kusema kweli ndilo la pili, kabla mtu hajafundishwa kukunja hata kidole cha mguu. Umeyaruka yote mawili ukaenda moja kwa moja kwenye mkao wa mti. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila wewe umefanya ufundi zaidi, umeficha yako ili kilio kiwe kwa jirani.

Unaniambia darasa litakufa. Lipi bora life, dada, darasa au mtu? Yule mjane anayewaimbisha hakutolewa ndani na presha yako. Alitolewa na watu arobaini waliomsogezea mkeka, na hao hawakumdanganya.

Sasa weka gazeti chini. Usioge, usiwashe taa ya kusalia, usimwulize Shripad anaonaje. Chukua boksi uende kwa miguu yako mpaka nyumbani kwa mzee, na mlangoni umwambie mkewe kwanza: sikulitupa, nilikuwa nazimeza mimi. Akikupiga, kubali. Wala usimpe mzee kidonge pale pale ukadhani umetubu. Nimemwuliza daktari anayeishi ghorofa ya chini yangu, akaniambia mtu aliyeacha dawa ghafla, kichwa kinavuma na pua inatoka damu, ni wa kupelekwa hospitali leo hii apimwe, na daktari ndiye atakayeamua ameze nini na kiasi gani. Nenda nao. Boksi libebe wewe, daktari asome jina la dawa.

Mzee atakataa, atakwambia ana nadhiri. Hapo hakuna wa kukusaidia, mkewe hawezi, daktari hawezi, mimi siwezi. Sadaka aliyopewa mwalimu huirudisha mwalimu. Mwambie, "Nategemea dawa kama wewe, nimekuwa nikizimeza siku zote, nadhiri yako ilisimama juu ya uongo wangu na leo nimekufungua." Sema maneno hayo kamili. Ukianza kuzungukazunguka na habari za sumu kutoka mwilini, nitakuja Kolhapur kwa basi, na mimi si mtu mzuri nikisafiri.

Mvua ikikatika, nenda bustanini, futa ule ubao, meza kidonge chako cha asubuhi mbele yao, kisha uwaulize nani mwingine ameacha dawa kwa ajili yako. Usishangae wakiinuka zaidi ya mmoja. Hao pia wapeleke. Watakaobaki baada ya hapo, wafundishe kupumua.

Na wewe dada uliyepeleka chapati tamu mvuani, najua unasoma, au jirani anakusomea. Dawa za mumeo hazikutupwa mtoni. Kama mpaka unamaliza mstari huu hakuna mtu mlangoni pako mwenye boksi la bati, usimngoje. Mwamshe mzee, simamisha riksho, nendeni.