Bunduki Inayokwama

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua. Mtaani Hamugembe, kibanda cha gemu cha Jovina. Mchezo wa vita, toleo la pili, kama kila asubuhi tangu nistaafu ualimu. Nimekufa mara nne. Toleo la tatu limefika, wote wanalishangilia. Bunduki zake hazirudi nyuma, hazikwami, na ukibadilisha magazini ikiwa nusu hupotezi risasi. Hizo si bunduki, ni mabomba ya maji. Nimelichukia.

Jumatano, 5 Novemba
Mashine imejaa, haibebi yote mawili. Jumamosi Jovina atalifuta toleo la pili. Deus, fundi pikipiki aliyetoka Kamachumu, ndiye anayeongoza kelele. Ananiita Ta, yaani baba, kwa heshima ya mdomoni tu. "Ta Laurian, bunduki yako inakwama kama baiskeli ya katekista." Wamecheka. Wapumbavu. Ramani ile ile, maadui wale wale. Toleo la kwanza walilisifu kwa sababu ya gobore moja. La pili wakalitukana kwa sababu ukifyatua mfululizo chuma kinakwama. Sasa wamebadilishiwa chuma, wanasema mchezo umepona.

Alhamisi, 6 Novemba
Niandike mara moja, basi. Vita vilipotufukuza kwetu, ng'ambo ya mto Kagera, nilikuwa na miaka kumi na minane. Askari wa adui alinielekezea bunduki kwenye migomba. Ikakwama. Alihangaika nayo, nikakimbia. Sikurudi kuishi kule. Hapa hakuna anayejua. Na toleo lenye bunduki inayokwama ndilo wanaloliita bovu.

Jumamosi, 8 Novemba
Jovina aliamua: mimi na Deus, toleo la pili, raundi moja. Nikishinda, linabaki. Mimi nilihesabu risasi. Deus, mikono yake imeshazoea la tatu, alimwaga zake mfululizo. Bunduki yake ikakwama. Mtu wake kwenye skrini yuko mgongo ukutani, Deus anabonyeza padi na kutukana. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikupiga. Akakimbia, akaikwamua, akarudi, akaniua.
"Mzee amesinzia," akasema. Kibanda kizima kikacheka.
Limefutwa kabla sijafika mlangoni. Nawachukia wote. Na mimi nimo.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada Deus amekuja. Pikipiki ameiacha barabarani. Ameleta kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani la mgomba, kama mtu anayekwenda kwa mkubwa wake. Ameitoa kwa mikono miwili.
"Ta, ulikuwa umenipata. Kwa nini hukupiga?"
Nimetafuna punje mbili kwanza. Kisha nimeanzia kwenye migomba.