Spika ya Kushoto

Kolwezi, Jumapili asubuhi

Mama Tumaini, mke wangu,

Kama kungekuwa na desturi ya mume kumwamkia mkewe, leo ningekupa shikamoo, tena ya kupiga goti. Hujambo? Tumaini na mdogo wake hawajambo? Na baba, kifua chake kinaendeleaje? Ameanza kula ugali au bado ni uji tu? Nauliza nikijua sina uso wa kuuliza. Mimi ni mzima isipokuwa sehemu moja ya mwili, na ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa mkono, maana namba yangu umeifunga na ujumbe wangu haufiki.

Barua hii anakuletea Asukile, yule dereva wa Mlowo. Anaondoka saa sita. Yuko hapo nje anagongagonga matairi, na kila baada ya muda anapiga honi kunikumbusha, kwa hiyo usishangae mwandiko. Nimeshakaa kitandani, nimekaa mlangoni, sasa niko juu ya ndoo niliyoipindua. Siwezi kutulia. Najua Asukile atakuambia pia kwamba mumeo ana spika mbili mpya mezani, na wewe utasema, ahaa, kumbe mwenzangu anastarehe. Ni kweli ninazo. Lakini nakuomba sana, usiichane barua kabla hujafika mwisho. Ninachotaka ni kimoja tu: ujue kwamba lile neno "sawa" nililokutumia mwezi uliopita halikuwa jibu la swali lako. Swali lako sikulisikia. Kwangu mimi, sisi bado ni mke na mume, kama na wewe bado unataka.

Nianzie ulipokasirika. Ulinipigia mchana niko yadi ya malori, kompresa ya kujazia matairi upepo inanguruma. Ukaniambia baba amelazwa. Mimi nikasikia baba amelala. Nikakujibu, haki ya Mungu nakumbuka kila neno, "Mwache alale, mzee amechoka, nitampigia kesho." Ukakata simu. Nikajisemea mtandao wa huku umezidi, nikarudi kwenye tairi langu. Kesho yake ukatuma ujumbe wa sauti, wa nusu dakika. Niliusikiliza palepale kazini, nikadaka maneno mawili matatu, baba, huko, watoto, na mwisho kabisa nikasikia kama unaniambia niandike sawa. Nikaandika "sawa". Nikaongeza na kidole gumba. Kidole gumba, jamani! Tangu siku hiyo, kimya.

Siku ya tatu shemeji ndiye aliyeniandikia kwamba baba yuko hospitali na kwamba nisijisumbue kupiga. Nikajua umeninunia kwa ajili ya lile la kulala, na nilistahili kununiwa. Lakini moyo haukukaa. Kununa kwako nakujua, huwa ni siku mbili halafu unaniuliza nimekula nini. Hii sasa ilikuwa wiki ya pili. Nikawa nausikiliza ujumbe wako asubuhi, mchana, jioni, na sauti yako inanijia bila maneno, mvumo tu. Nikasema spika ya simu imeingia vumbi, maana vumbi la huku linaingia hata ndani ya mkate. Fundi wa simu akaipuliza, akaijaribu, akasema iko nzima. Sikumwamini. Kumpa mtu mwingine asikilize maneno ya mke wangu, hilo nalo sikuweza. Ndipo nikaamua kutafuta spika za kuweka nyumbani, za bei ninayoimudu, nikusikie vizuri.

Unanijua nikianza kuchagua kitu. Viatu vya harusi tu tulizunguka Mlowo nzima. Nilikwenda duka la Mama Ngalula, pale mtaa wa Manika, anauza vyombo vya umeme. Huku spika wanaziita bafle, na mwanamume mzima wanamwita tata. Akanitolea moja kubwa, ina taa za rangi, akaiwasha mpaka sufuria za duka la pili zikalia.

"Hii inapigaka nguvu, tata! Jirani yako hatalala!"

"Mama, jirani sina ugomvi naye. Nataka ya kusikia mtu anayeongea."

"Anaongea nini?"

"Anaongea tu, mama."

Akanitazama kama mgonjwa. Akaniletea spika ndefu kama ubao, ile ya kuweka chini ya televisheni. Nikamwambia televisheni sina. Akaniletea ile ya mviringo ya kutundika mkobani. Nikaishika, nikairudisha, nikaishika tena. Mwishowe akachoka: "Tata, unauza ao hauuzi?" Nikamjibu, mimi niuze nini, mwenye duka si wewe? Duka zima likacheka. Huku, Mama Tumaini, kuuza ndiko kununua, na kuuza kwetu sisi wao wanakuita kuuzisha. Mwaka wa pili huu na bado nateleza.

Sikuelezi hayo ili ucheke, ingawa ukicheka nitafurahi. Nakueleza kwa sababu ndiyo yaliyonidanganya. Kila niliposhindwa kudaka mtu kasema nini, nilisema ni Kiswahili chao. Msimamizi ananiita mara tatu, mimi kimya: Kiswahili chao. Mama mwenye nyumba ananiomba nifunge bomba, mimi nalifungua, uwanja unajaa maji: Kiswahili chao hicho. Na wao walinitetea, masikini. "Muache, ni mu-Tanzania, hasikiake Swahili yetu." Huku mtu akisema husikii lugha, maana yake huielewi. Basi mtaa mzima ulikuwa unasema sisikii, na mimi naitikia kwa kichwa, ndiyo, sisikii.

Safari ya pili dukani nilimchukua jirani yangu, Tata Mbuyi. Ni mzee mstaafu, ukoo wake ulitoka Kasai enzi za babu yake, ukaja kufanya kazi mgodini, na yeye maisha yake yote alikuwa fundi wa simu za mgodi. Yule mzee hana papara. Alimkataza Mama Ngalula kupiga muziki. "Tia mutu anasema," akamwambia, "muziki inafichaka makosa." Wakaweka mahubiri ya mchungaji fulani redioni. Mzee akafumba macho. Zile za taa akazikataa, akasema zote ni tumbo, hazina ulimi. Zikaja mbili ndogo za mbao, kila moja kimo chake kama pakiti ya unga ya kilo mbili. Mashine ya kukuza sauti imo ndani ya moja, ndiyo inayochomekwa kwenye umeme, na mwenzake anapelekewa sauti kwa waya. Mzee akasikiliza, akafumbua macho. "Hizi. Unasikia mpaka meno yake." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Sikusikia meno ya mtu yeyote, lakini nani abishane na fundi?

Nikazinunua, nikazipanga mezani, ya umeme kulia, ya waya kushoto, nikakaa katikati. Ya kulia inasema. Ya kushoto imefifia, utadhani imefungiwa ndani ya gunia. Nilichukia! Ujumbe wako nikauweka akiba, nikisema sitausikiliza tena kwa spika mbovu. Nikazirudisha dukani. Mama Ngalula akazijaribu mbele ya watu, wote wakasema ziko nzima. Nikabadilishiwa waya, nikarudi nyumbani, ya kushoto vilevile. Nikarudi dukani tena. Safari hiyo alisimama mlangoni na mikono kiunoni: "Tata, unaniletea maneno mu duka." Na kweli nilimletea maneno, nikamwambia anawauzia watu vitu vibovu. Nitamwomba radhi kesho, ingawa naogopa mikono yake.

Jumamosi iliyopita umeme ulirudi saa nne asubuhi, na Tata Mbuyi akaja na miwani yake. Alichofanya ni kuzihamisha tu, ile ya umeme ikaenda kushoto, ya waya ikaja kulia. Akarudisha mahubiri. Nikaruka: "Unaona, mzee! Sasa ile iliyokuwa nzima nayo imeharibika!" Hakucheka. Akaniambia nisimame pale nilipokaa.

"Geuka. Angalia ukuta."

Nikageuka, meza ikawa mgongoni.

"Sasa ni gani inafifia?"

"Sasa ni ile nyingine."

"Bafle hazikutembea, mwana. Njo weye uligeuka."

"Njo" yao ni "ndiyo" yetu, hilo nalijua, lakini nikamwambia sijamwelewa, Kiswahili chenu kigumu. Nilimwambia hivyo mzee wa watu, machoni! Akaja upande wangu wa kulia, akasema taratibu, karibu kabisa: "Njo sikio yako. Simu unashikaka na mukono gani?" Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Wa kulia siku zote una spana. Miezi yote hiyo, mke wangu, ulikuwa unaongea na sikio lililokufa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Kabla ya mvua zilizopita tairi la lori lilipasuka nikiwa nimelichutamia ubavuni. Nilirushwa, sikuchubuka hata ukucha. Sikio la kushoto lililia wiki nzima, likanyamaza, nikafikiri limepona. Sikukuambia kwa sababu ungesema nirudi, na kazini sikusema kwa sababu fundi asiyesikia lori likirudi nyuma hawamweki. Nikakaa nalo. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu wewe ndiye uliyeulipia.

Tata Mbuyi akazisogeza spika zote mbili upande wa kulia, akachomeka simu yangu, akaniambia, "Sikia maneno ya nyumba yako," akatoka na kunifungia mlango. Nikaucheza ujumbe wako. Nakuandikia nilivyousikia, ujue kwamba sasa nimeusikia wote:

"Baba Tumaini, baba yangu amewekewa hewa ya mtungi, wewe unaniambia alale. Sikujui tena. Kama huko umepata mtu, usinizungushe. Watoto nitawaambia mwenyewe. Andika tu sawa, nami sitakuuliza tena."

Nilisimama. Nikakaa. Nikatoka nje mpaka barabarani, nikarudi, nikaucheza tena nikiomba nimekosea. Sikukosea. Ulilia pale uliposema watoto, na mimi nilikujibu sawa. Niliona aibu mpaka nikashindwa kuitazama simu yenyewe. Hapana, Mama Tumaini. Hapana, hapana. Sina mtu huku. Nina chumba, ndoo, spika mbili na mzee mmoja jirani. Kama huamini, muulize Asukile, yeye hajawahi kunisitiri kwa lolote tangu tukiwa shule ya msingi.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Daktari kasema la kushoto halitarudi, na la kulia nalo limeanza kupoteza herufi ndogondogo, zile za mluzi, ndiyo maana kulazwa likawa kulala. Kasema niachane na kompresa. Alhamisi nikamwambia msimamizi ukweli. Akasema nimalizie mwezi huu nikifanya kazi ya stoo, kisha niende. Sikubishana naye. Mwisho wa mwezi Asukile akirudi nitapanda naye mpaka Tunduma, na nitakaa kwa dada yangu hapo mpaka uniambie nije au nisije. Sitakuja nyumbani kwako kwa nguvu. Lakini ifungue hiyo simu, hata kama ni ya kunitukana tu. Tuma matusi yote kwa sauti. Safari hii nitayasikia mpaka nukta.

Baba mkwe, mwambie mkwe wake hakusikia kwamba amelazwa, na nikifika nitamwomba msamaha mbele ya watu wote kama akitaka. Mama mkwe, mshike mikono kwa niaba yangu. Shemeji, kaka yako, alikuwa na haki ya kunikaripia na sina kinyongo naye. Dada yangu wa Tunduma, mpelekee salamu ukienda soko la huko, na umwambie hili la sikio taratibu, yule hulia haraka. Mdogo wake Tumaini mbusu. Tumaini mwenyewe mwambie baba anakuja, au kama ukiona bado, usimwambie kitu.

Asukile amewasha gari, hilo nimelisikia. Kuna jambo moja naona haya kuliandika, lakini siwezi kuiacha barua iende bila hilo. Kitandani mimi nimelala ukutani tangu tuoane, na wewe ukalala kushoto kwangu, na mambo yote makubwa ya nyumba hii uliniambia ukiwa hapo, taa imezimwa. Ukinipokea, naomba unipishe nihamie upande wako, wewe ulale ukutani. Nataka uwe kulia kwangu.

Ni mimi mumeo,

Baba Tumaini